UZI: Kesi ya mauaji ya zamani, watu wanasema "hakuua". Jalada linasema nini?

Mzee wa Jalada (Mtwara Mjini)

Wakuu, salaam.

Msimu wa korosho ukiisha na vijiwe vikijaa, hazikosi habari za mtu aliyehukumiwa kunyongwa miaka ya nyuma kwa mauaji ya huko Tandahimba au Liwale, na kwamba aliyeua hasa yupo, anatembea, kijiji kizima kinamjua. Inawezekana. Ila Mahakama ya Rufani haikai kijiweni. Inasoma kumbukumbu ya rufaa, na shaka isiyokuwa na namba ya ukurasa haina pa kushikia.

Anayetaka kuijadili kesi ya namna hiyo aanze na makaratasi. Unamwandikia Naibu Msajili, Mahakama Kuu Mtwara, ukitaja namba ya shauri, mwaka, jina la mshtakiwa, na jaji kama unamfahamu. Omba mwenendo, yaani kumbukumbu ya yaliyosemwa mahakamani, wa mahakama ya chini kesi ilikoanzia, mwenendo wa Mahakama Kuu, hukumu, na nakala ya kila kielelezo. Wengi huchukua hukumu peke yake halafu wanashangaa mbona kila kitu kimenyooka. Hukumu ni jaji akieleza kwa nini ameamua hivyo. Mikwaruzo yote iko kwenye mwenendo. Kama rufaa ilishasikilizwa, mfungwa alipewa kitabu cha rufaa, ulizia kupitia kwa Mkuu wa Gereza. Hukumu nyingi za Mahakama ya Rufani zipo TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, zinasomwa bure.

Karatasi inayodharauliwa kuliko zote ni ile ya mahakama ya chini, siku kesi ilipohamishiwa Mahakama Kuu. Kwa kifungu cha 246 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, pale ndipo maelezo ya mashahidi na nyaraka ambazo Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, inakusudia kuzitumia husomwa kwa mshtakiwa. Shahidi ambaye maelezo yake hayakusomwa pale haruhusiwi kuibuka Mahakama Kuu bila taarifa ya maandishi, kifungu cha 289. Weka karatasi hiyo sambamba na mwenendo wa Mahakama Kuu, kalamu mkononi, tiki jina kwa jina, kielelezo kwa kielelezo. Kisichopata tiki ndiyo hoja yako ya kwanza.

Angalizo: namba za vifungu humu ni za toleo la zamani la sheria, kwa sababu kesi za zamani zimeandikwa kwa namba hizo. Toleo la Marekebisho la 2023, lililoanza kutumika Julai 1, 2025, limehamisha baadhi. Ukiandika hoja mpya hakikisha kwanza.

---

Binti Nachingwea

Mzee, swali la utambuzi. Tuchukue mfano: shahidi wa kwanza ni mke wa marehemu. Anasema alimtambua mtu saa 4 usiku kwa mwanga wa koroboi, kavaa shati jekundu, na nje kulikuwa na mbalamwezi. Jaji kaandika "mwanga ulitosha", basi. Hapo mtu anaanzia wapi?

---

Wakili Chikongola

Dada, unaanzia kwa Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, 1980. Mahakama ya Rufani ilisema utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu kuliko aina nyingine, na hautoshi kumtia mtu hatiani mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Maswali yake ni yale yale hadi leo: shahidi alimtazama kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, alikuwa anamjua kabla au la, kulikuwa na kitu kati yao. Baadaye, kwenye Issa Mgara, ikasisitizwa kwamba kusema "kulikuwa na taa" hakutoshi. Shahidi aeleze ukali wa mwanga wenyewe. Kwa hiyo hilo neno "ulitosha" litafutiwe sentensi ya shahidi inayolibeba. Mara nyingi haipo, ni la jaji.

Lakini mimi nisingeanza na taa. Ningeruka moja kwa moja kwa jirani wa kwanza kufika baada ya yowe. Mke alimwambia nini pale pale? Marwa Wangiti Mwita, 2002: shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ndiyo dalili kubwa ya kuaminika kwake. Jirani akisema "nilimkuta analia, hakutaja mtu", halafu jina linaonekana polisi siku tatu baadaye baada ya vikao vya familia, una kitu kizito kuliko koroboi. Na kama jirani huyo au mwenyekiti wa kijiji hakuitwa kabisa kutoa ushahidi, soma Aziz Abdallah, 1991. Jamhuri ikimwacha shahidi muhimu bila sababu, mahakama inaweza kuhesabu kwamba angesema kinyume.

Gwaride la utambuzi, yaani mtuhumiwa kupangwa na wengine ili shahidi amchague: kama shahidi alikuwa anamfahamu mtu, gwaride ni pambo tu, halina uzito wowote. Kama hakumfahamu, lazima awe ametoa wasifu wake kabla. Kisha angalia fomu PF 186 na amri ya polisi namba 232: watu wasiopungua 8 wanaofanana naye kimo na umri, mtuhumiwa achague pa kusimama, na shahidi asiwe amemwona kituoni kabla. Hapo kwa kumwona kabla ndipo magwaride mengi yanapofia. Kituo kidogo, benchi moja, wote wamekaa hapo hapo tangu asubuhi.

---

Fundi Kipimo (Masasi)

Nirudi kwenye taa, maana Wakili kapita haraka.

Koroboi ya kopo na utambi wa pamba inatoa mwanga wa mshumaa mmoja au chini ya hapo. Mshumaa mmoja ukiwa mita 1 kutoka usoni unatoa karibu laksi 1, ambayo ndiyo kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu. Ukisogea mita 2 inabaki robo. Mita 3, sehemu moja ya tisa. Mita 4, moja ya kumi na sita. Mwezi mpevu bila wingu unatoa laksi 0.1 hadi 0.2 hivi. Maana yake koroboi iliyo mita 3 kutoka kwa mtu inamwangazia sawa na mbalamwezi, si zaidi. Na umbali unaohusika ni wa koroboi hadi kwenye uso, siyo wa shahidi hadi kwenye uso. Mawakili wengi huuliza ule wa pili na kuusahau wa kwanza.

Halafu ilikuwa wapi? Ikiwa sakafuni nyuma ya aliyeingia, shahidi anaona umbo jeusi lenye kingo. Ikiwa kwenye kigoda kati yao, mwali uko machoni pa shahidi na unamziba. Ukuta wa udongo usiopakwa chokaa haurudishi mwanga, upande wa uso usioelekea taa unabaki giza. Mlango ukifunguliwa kwa teke na upepo ukaingia, mwali unalala au unazimika. Tafuta kwenye mwenendo kama kuna aliyeuliza "taa ilizimika saa ngapi". Mara nyingine shahidi mwenyewe kasema ilizimika, na hakuna aliyegutuka.

Shati jekundu sasa. Kwenye mwanga hafifu jicho linapoteza rangi, na nyekundu ndiyo ya kwanza kugeuka nyeusi. Kwa mbalamwezi peke yake mtu hawezi kuapa kwamba shati lilikuwa jekundu. Kwa koroboi iliyo karibu, ndiyo, anaweza. Kwa hiyo swali ni aliiona rangi ndani au nje. Kama aliiona alipokuwa anakimbilia kwenye mikorosho, rangi hiyo kaijua baadaye, pengine kituoni, alipoliona limetandikwa mezani.

Na mwezi una hesabu yake, watu wa pwani hii hawahitaji kufundishwa. Tarehe 14 au 15 ya mwezi mwandamo unachomoza jua linapozama. Kila siku inayofuata unachelewa kama dakika 50. Kufika tarehe 20 unatoka karibu saa 5 usiku. Saa 4 bado giza. Tarehe 27 unatoka alfajiri. Tarehe 3 umeshazama kabla ya saa 3 usiku. Chukua tarehe ya tukio, ibadilishe iwe ya mwandamo, ruhusu tofauti ya siku moja kwa sababu ya kuandama, uone kama mbalamwezi ya saa 4 inawezekana. Ukitaka njia ya mkato, mwezi unarudia tarehe zile zile kila baada ya miaka 19. Usiku wa Agosti 10, 1998 ulikuwa na mwezi wa karibu umri ule ule na wa Agosti 10, 2017.

---

Ngongo (Lindi)

Mmesahau uraka, pombe ya mabibo. Tukio la kati ya Septemba na Desemba, mabibo yamejaa, nusu ya mashahidi wametoka kilabuni. Ukiona kwenye mwenendo wote hakuna aliyeulizwa alikunywa nini na kuanzia saa ngapi, ujue wakili wa utetezi alipewa jalada asubuhi ya kesi.

---

Wakili Chikongola

Umenena. Ila jua kwamba kwa swali ambalo halikuulizwa, rufaa haikusaidii. Shahidi asipohojiwa juu ya jambo fulani huchukuliwa kwamba limekubaliwa. Ndiyo maana nasema tafuta kilichomo, siyo kilichotakiwa kuwemo.

Sasa maelezo ya onyo, yaani yale ya mshtakiwa yanayoandikwa na polisi baada ya kumwonya, kwa sababu kesi nyingi za zamani zimesimama juu yake peke yake. Kifungu cha 50 kinatoa saa 4 za kumhoji mtu tangu awekwe chini ya ulinzi, na cha 51 kinaruhusu kuongeza, isizidi saa 8. Unahesabu hivi. Saa ya kukamatwa iko kwenye ushahidi wa askari mkamataji, au wa mgambo na mtendaji wa kijiji waliomshika kwanza. Saa ya kuanza na kumaliza kuandika iko juu na chini ya maelezo yenyewe. Toa muda wa kusafirishwa, kwa sababu sheria hauhesabu. Mtu aliyekamatwa Kitangari usiku wa mvua na kufikishwa kituo cha wilaya asubuhi hawezi kulalamikia safari. Ikibaki zaidi ya saa 4 na hakuna nyongeza iliyoombwa, maelezo yalichukuliwa nje ya muda. Kifungu cha 169 kinaipa mahakama uwezo wa kuyakataa, na kwenye rufaa nyingi yamefutwa kwenye kumbukumbu.

Pili, je, yalisomwa kwa sauti mahakamani baada ya kupokelewa? Robinson Mwanjisi, 2003: nyaraka hutolewa, hukubaliwa, kisha ndipo husomwa. Isiposomwa, mshtakiwa hakujua anajibu nini. Tatu, alipokana kuyaandika au kudai alipigwa, ilifanyika kesi ndogo ndani ya kesi, ya kuamua kama aliyatoa kwa hiari? Na wakili wake asipopinga siku ile, kudai leo kwamba alipigwa ni kugonga ukuta.

Maelezo kwa mlinzi wa amani, ambaye huwa ni hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, yana mtego wake. Hakimu anatakiwa kuwatoa askari nje, kumwuliza alikamatwa lini na alilala wapi, kumkagua mwili na kuandika majeraha. Ukikuta hakimu ameandika "ana uvimbe mkono wa kushoto" halafu jaji hakuligusia, shika ukurasa huo.

Ungamo lililokanwa bado linaweza kumfunga mtu. Tuwamoi, 1967: mahakama itafute cha kuliunga mkono, au iridhike kabisa kwamba ni kweli tupu. Huwa panatajwa kuonyesha silaha: "aliwapeleka wenyewe kwenye kichaka akatoa panga." Hapo uliza kitu kimoja tu: nani alifika kichakani kwanza? Hati ya ukamataji mali ya kifungu cha 38 ina saa na sahihi za mashahidi. Saa hiyo ikitangulia saa ya ungamo, hakuna alichoonyesha.

---

Binti Nachingwea

Na ripoti ya daktari? Kwenye mfano wangu mke anasema marehemu alikatwa panga mara mbili kichwani. Ripoti inasema fuvu limepasuka kwa kitu butu.

---

Mzee wa Jalada

Hapo umeshika pazuri. Panga huacha jeraha lenye kingo zilizonyooka, na mfupa huwa na mkato. Kitu butu hupondaponda: kingo zimechanika, ngozi imechubuka pembeni, mfupa umebonyea au umetawanyika. Bapa la panga au mpini unaweza kuleta la pili, kwa hiyo usifurahi mapema, soma vipimo vya jeraha. Kisha tazama kama mshtakiwa aliambiwa haki yake ya kutaka daktari aitwe ahojiwe, kifungu cha 291. Asipoambiwa, ripoti hufutwa. Lakini fikiria kabla ya kuomba ifutwe! Hapa ripoti ndiyo inayomtetea. Kuna rufaa ambazo wakili kapambana kuondoa karatasi pekee iliyokuwa upande wake.

---

Ngongo

Samahani wakuu. Naona mnafundisha kumtoa mtu kwa matundu ya utaratibu. Aliyekufa naye ana watu wake, na wao hawana wakili wa rufaa. Karatasi haikusomwa kwa sauti, sawa, lakini aliua au hakuua?

---

Mzee wa Jalada

Swali halali, na wengi humu wanalikwepa. Hukumu isiyo salama ni jambo moja, mtu asiye na hatia ni jambo jingine, na mahakama hujibu la kwanza tu. Kesi nyingi za mauaji zilivunjwa kwa sababu jaji hakuwafafanulia wazee wa baraza, raia waliokaa na jaji kumshauri, mambo ya msingi, enzi ambazo wazee walikuwa lazima. Hilo halisemi lolote juu ya nani aliua. Ndiyo maana mahakama huweza kuamuru kesi isikilizwe upya, ingawa kwa Fatehali Manji, 1966, haiamuru hivyo ili Jamhuri ipate nafasi ya kuziba mapengo yake.

Nje ya nchi kuna mifano miwili ambayo mtu wa pande zote mbili anatakiwa kuijua. James Hanratty alinyongwa Uingereza, Aprili 1962. Kwa miaka 40 familia na waandishi walidai si yeye, na hoja zao hazikuwa za kitoto. Vinasaba vya kwenye leso iliyokutwa na bastola na kwenye nguo ya ndani ya mwanamke aliyenusurika vikapimwa, mwili wake ukafukuliwa, na mwaka 2002 Mahakama ya Rufaa ikasema hukumu ilikuwa sahihi.

Upande wa pili, Iwao Hakamada wa Japani. Watu wanne wa familia moja waliuawa Shizuoka Juni 1966, akahukumiwa kifo 1968. Ushahidi mkubwa ulikuwa nguo tano zenye damu, zilizoibuka ndani ya pipa la miso, ile soya iliyochachushwa, zaidi ya mwaka mmoja baada ya tukio. Suruali ilimbana, haikumpanda. Lakini kilichomtoa ni rangi: madoa yalielezwa kuwa bado mekundu, na majaribio yakaonyesha damu iliyolowekwa kwenye miso muda wote huo huwa imegeuka nyeusi-kahawia. Septemba 26, 2024 akaachiwa huru kabisa, na mahakama ikasema ushahidi ulitengenezwa. Tazama kilichofanya kazi: kielelezo kilekile cha mwanzo, kikaulizwa swali ambalo halikuulizwa. Huruma haikuhusika.

---

Ngongo

Hapo kwa Hanratty nakubali. Waliokuwa wanapiga kelele wasilaumiwe, lakini nao wakubali majibu yakija.

---

Binti Nachingwea

Sasa rufaa imeshakataliwa zamani. Milango ipi imebaki?

---

Wakili Chikongola

Kwanza hakikisha ilisikilizwa kweli. Wapo ambao rufaa zao ziliondolewa kwa kasoro ya makaratasi, haikuamuliwa lolote. Huyo anaomba kuongezewa muda Mahakama Kuu, na akikubaliwa anapeleka taarifa ya rufaa kupitia kwa Mkuu wa Gereza. Huo ndio mlango mpana, kwa sababu rufaa ya kwanza ni kuupima ushahidi wote upya, na Kanuni ya 36 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za 2009 inaruhusu ushahidi wa nyongeza kwa sababu ya kutosha. Ile hesabu ya mwezi ya Fundi inaingia hapa au haiingii popote.

Rufaa ikishaamuliwa, kilichobaki ni marejeo, yaani Mahakama ya Rufani kuitazama upya hukumu yake yenyewe. Kanuni ya 66(1) ina sababu tano tu: kosa la wazi usoni mwa kumbukumbu lililosababisha haki kupotoka, mhusika kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, hukumu kuwa batili, mahakama kukosa mamlaka, au hukumu kupatikana kwa njia haramu, udanganyifu au kiapo cha uongo. Muda ni siku 60. Ukichelewa unaomba nyongeza chini ya Kanuni ya 10, unaeleza kila siku ya kuchelewa, na unaonyesha tayari ni sababu ipi kati ya tano utakayoitumia. Kosa la wazi, kwa Chandrakant Patel, 2004, ni lile ambalo mtu anayesoma huku anakimbia analiona. Likihitaji hoja ndefu, si la wazi. Na marejeo ni mara moja.

Tazama kisichokuwemo: ushahidi mpya. Shahidi akija leo kusema "nilidanganya", unajaribu ile sababu ya tano, na maneno yake matupu hayatoshi. Watu wengi hupoteza marejeo yao hapa, wanaandika rufaa ya pili na kuipa jina jingine.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, haipokei tena maombi mapya ya mtu binafsi dhidi ya Tanzania, tangu Novemba 22, 2020 tamko la nchi lilipokoma. Uamuzi wake wa Ally Rajabu, Novemba 2019, ulihusu adhabu ya kifo kuwa ya lazima, na haukumwondolea mtu hatia.

Kinachobaki ni Ibara ya 45 ya Katiba, msamaha wa Rais. Hapa ndipo ushahidi mpya unaweza kuandikwa bila kufungwa na sababu tano. Ila msamaha unafungua gereza, haufuti hukumu. Mwanamuziki Nguza Viking na mwanawe, kwa kosa jingine kabisa, walipita rufaa, wakapita marejeo, wakaja kutoka kwa msamaha wa Desemba 9, 2017. Hukumu ya Rufani ilibaki pale pale.

---

Binti Nachingwea

La mwisho. Panga la kesi bado lipo stoo. Linaweza kupimwa vinasaba leo?

---

Fundi Kipimo

Inategemea lilivyofungwa. Kwenye bahasha ya karatasi, likiwa kavu, damu iliyokauka hudumu miaka mingi. Kwenye nailoni, na jasho la hewa ya Mtwara, lilianza kuota ukungu wiki ya kwanza, na bakteria wamekula. Kutu peke yake haiui vinasaba, ila inasumbua upimaji. Wapimaji hutafuta damu iliyoingia mahali pasipofutika, kama pale bapa linapoingia kwenye mpini, chini ya ringi au kwenye ufa wa mbao.

Ripoti ya zamani ikisema tu "damu ya binadamu, kundi O", ujue karibu nusu ya watu wa Afrika Mashariki wana kundi hilo. Imethibitisha kidogo sana.

Na fikiria kwanza jibu litamaanisha nini. Damu ya marehemu kwenye panga la marehemu lililokuwa nyumbani kwake haisemi kitu. Chembe za mshtakiwa kwenye mpini nazo hazisemi, kama alilishika siku ya kukamatwa mbele ya askari wanne, nao walilishika, karani akalishika, wazee wa baraza wakapitishiana. Chenye maana ni damu ya mtu wa tatu, au nguo ya mshtakiwa iliyodaiwa kuwa na damu ya marehemu na ikakutwa haina.

Tazama kwanza mwisho wa hukumu kama kuna amri ya kuteketeza vielelezo. Kama haipo, andika barua leo kwa Naibu Msajili kuomba kielelezo kihifadhiwe, utaje namba yake kama ilivyo mahakamani (P1, P2), upate nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Upimaji utaombwa baadaye kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kupitia mahakama. Mtu yeyote asikifungue "kukiangalia tu".